Kufanya kazi kwenye tamasha la siku kadhaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa nyuma ya jukwaa: mafundi sauti, mafundi taa, wapiga kamera, wasimamizi wa jukwaa, wapokea wasanii, na wale wanaojitolea kuvuta waya na kubeba stendi. Unahusu matukio marefu, yanayokwenda saa 12 au zaidi kwa siku, kwa siku tatu, nne au wiki nzima, mara nyingi yakirushwa mubashara. Hapa tumeyajibu yale ambayo mtu anayeingia kwenye kazi hii mara ya kwanza huyauliza, na yale anayoyauliza aliyewahi kuifanya akamaliza akiwa hoi. Muda wa kazi tumeuandika kwa tarakimu (saa 8, saa 12) na saa za mchana na usiku kwa maneno, ili usichanganye.

Siku ya kwanza nifike mapema kiasi gani, na nianzie wapi?

Fika saa 1 kabla ya muda ulioandikiwa. Siku zinazofuata, dakika 30 zinatosha. Muda huo wa siku ya kwanza utumie kutembea, mikono ikiwa mitupu: kutoka sehemu yako ya kazi hadi jukwaani, hadi kwenye jenereta au bodi ya umeme, hadi kwenye maji ya kunywa, choo, hema la huduma ya kwanza na mlango wa dharura ulio karibu nawe. Giza likiingia, zipite njia hizo tena. Ngazi uliyoishuka mchana bila kuitazama huwa ngazi nyingine kabisa taa za jukwaa zikizimwa ghafla.

Kisha watafute watu watatu uwajue kwa sura: anayekusimamia, atakayekupokea zamu, na mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho. Huyo wa tatu watu wengi hawamuulizii mpaka siku mambo yameharibika. Jua jina lake na chaneli yake ya redio ya mkononi kabla hata hujafungua begi.

Begi langu liwe na nini?

Tochi ya kichwani, kwa sababu mikono yako miwili itakuwa na kazi. Viziba masikio. Chupa ya maji ya lita 1. Koti la mvua hata kama anga ni nyeupe. Glovu za kushikia vyuma na waya. Kalamu nene ya wino usiofutika na mkanda mweupe wa kuandikia. Kisu kidogo au mkasi. Chaja ya simu na betri ya akiba. Dawa zako unazotumia kila siku, za kutosha siku zote na mbili zaidi.

Viatu vinahitaji maneno ya ziada, maana miguu ndiyo huwaangusha watu wengi kabla ya uchovu. Njoo na pea mbili zilizokwisha kuzoea mguu wako, uzivae kwa kupokezana. Kiatu kilichovaliwa saa 12 kimelowa jasho kwa ndani na hakikauki kwa usiku mmoja. Ukikivaa tena kesho yake ngozi inalainika na malengelenge yanaanza. Badilisha soksi katikati ya zamu. Wakati wa kufunga na kufungua jukwaa vaa buti zenye chuma mbele. Wakati wa onyesho, kiatu cheusi chepesi chenye soli isiyoteleza na isiyopiga kelele.

Kama kazi yako inahusu waya, leta mkanda wa kitambaa unaotumiwa na watu wa jukwaa, si tepu ya kufungia maboksi wala ile ya mabomba. Hizo nyingine zikipata joto la taa gundi yake inabaki kwenye waya, inakusanya mchanga, na waya unakuwa wa kunata mpaka unatupwa.

Kwa nini siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu?

Siku ya kwanza kila mtu anabebwa na msisimko. Siku ya pili deni la usingizi limeanza kudai, na siku ya tatu inaingia hali mbaya zaidi ya uchovu: mazoea. Siku ya kwanza fundi hukagua betri mara mbili. Siku ya tatu anakumbuka tu kwamba aliikagua, ila hana hakika kama ni leo au jana.

Dawa yake ni kutotegemea kumbukumbu kabisa. Kila kazi ya kila siku iwe na mfuatano mmoja usiobadilika, ulioandikwa, na kila hatua ipigwe alama kwa mkono pamoja na saa. Anza upande uleule wa jukwaa kila asubuhi. Jaribu maiki namba 1 kabla ya namba 2, kila siku, hata kama namba 2 iko karibu nawe zaidi. Ukikatizwa katikati na mtu mwenye swali, usirudi pale unapodhani uliachia; rudi kwenye alama ya mwisho uliyopiga. Watu hudharau karatasi hii siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza haihitajiki sana. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu utakayekuwa siku ya tatu usiku.

Zamu ziwe za urefu gani?

Saa 8 ni nzuri, saa 10 zinavumilika, saa 12 ndio mwisho, tena pawe na mapumziko ya kweli ndani yake. Kati ya zamu na zamu mtu apate saa 11 mfululizo za kuwa huru. Hicho ndicho kiwango cha chini kwa kila saa 24 katika sheria ya Umoja wa Ulaya ya muda wa kazi, na ni kipimo kizuri hata mahali ambapo sheria hiyo haifiki. Saa 11 zinaonekana nyingi mpaka uzipige hesabu: saa 1 ya kwenda, saa 1 ya kurudi, kuoga, kula, kutulia. Zinazobaki za kulala ni 7 ukijitahidi.

Usipime zamu peke yake, pima muda uliokaa macho. Majaribio ya kulinganisha uchovu na pombe yameonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya vibaya kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Hakuna msimamizi atakayemruhusu mlevi apande kwenye mnara wa taa. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi na bado yuko kazini saa tano usiku yuko kwenye mstari huohuo wa kwanza.

Mashindano ya magari ya saa 24 ya Le Mans yameliweka hili kwenye kanuni: dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya kipindi chochote cha saa 6, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla. Na hao ni watu waliojiandaa mwaka mzima.

Ndani ya zamu pia pokezaneni. Kamera ya begani, taa ya kumfuata msanii na meza ya mchanganyiko wa picha ni kazi za macho na mikono zisizo na nafasi ya kupumua. Badilishaneni kila dakika 60 hadi 90. Anayepumzika aondoke kabisa eneo la kazi. Kukaa kwenye kreti pembeni ya jukwaa ukisikiliza redio si kupumzika.

Nimepangiwa usiku. Nitalalaje mchana?

Kwanza elewa unapigana na nini. Mwili una saa yake, na kiwango cha chini kabisa cha uangalifu wake ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, hata ukiwa umelala vizuri. Kazi za hatari kama kupanda juu, kuhamisha vitu vizito na kubadilisha njia za umeme zisipangwe kwenye saa hizo kama kuna namna yoyote ya kuziepuka.

Ukitoka zamu alfajiri vaa miwani ya jua kabla hujakutana na mwanga, kwa maana mwanga wa asubuhi ndio unaouambia ubongo kuwa siku imeanza. Nenda moja kwa moja kitandani. Chumba kiwe cheusi na cha baridi kiasi. Kitambaa cha macho na viziba masikio vinafanya nusu ya kazi. Simu iwe mbali, na mtu mmoja tu awe na namna ya kukuamsha.

Kama ratiba yako inahama kila siku, chagua saa 4 ambazo utakuwa umelala kila siku bila kukosa, kwa mfano saa mbili hadi saa sita mchana, kisha ongezea kabla au baada kadiri inavyowezekana. Mwili unashika hizo saa 4 na kuvumilia mengine.

Usingizi mfupi unasaidia sana ukiupima. Dakika 20 zinakuinua bila kukuzamisha. Dakika 90 zinakupa mzunguko mzima. Ukiamka katikati, baada ya dakika 40 au 60, utaamka kichwa kizito na unaweza kuwa mzito hivyo kwa nusu saa. Kwa vyovyote usishike kazi ya hatari mara tu unapoamka. Jipe dakika 15 hadi 30.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu?

Kahawa inafanya kazi, lakini inahitaji dakika 20 hadi 30 kuanza, na baada ya saa 5 hivi karibu nusu yake bado iko mwilini. Kwa hiyo iache saa 6 kabla ya muda wako wa kulala. Kikombe kidogo kila baada ya saa chache ni bora kuliko vitatu kwa mkupuo. Njia iliyo nzuri kuliko zote ni kunywa kikombe kisha kulala dakika 20 hapohapo: unaamka kahawa nayo inaanza. Makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu yana kafeini ileile pamoja na sukari nyingi. Hesabu yote kwa pamoja.

Makabidhiano ya zamu yafanyweje?

Hapa tunaomba usome polepole, kwa sababu ndipo mahali ambapo matukio marefu huharibikia.

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo. Zamu ya usiku haikufikiwa na taarifa hiyo. Pampu nyingine ilipozima, wakaiwasha ile. Watu 167 walikufa. Tamasha si mtambo wa mafuta, lakini umbo la kosa ni lilelile tunaloliona kwenye majukwaa: mtu wa mchana ameacha kitu nusu, mtu wa usiku anakikuta kinaonekana kizima.

Zamu mbili zipishane kwa dakika 15 hadi 30, na dakika hizo zihesabiwe kuwa kazi. Makabidhiano yafanyike uso kwa uso, mbele ya mitambo yenyewe, yakiongozwa na daftari. Kwenye redio hapana, na ujumbe wa simu peke yake hautoshi. Anayeondoka aseme mambo haya:

1. Nini kiko tofauti na mchoro au orodha ya mwanzo. Kama maiki namba 6 imehamishiwa njia namba 14 kwa sababu tundu lake limekufa, hilo ndilo jambo la kwanza kusema.
2. Nini kimefungwa, kimezimwa au kimefunguliwa nusu, na kwa nini.
3. Nini kilisumbua kisha kikaacha chenyewe. Haya ndiyo watu huyasahau, na ndiyo hurudi saa 2 baadaye.
4. Akiba iliyobaki: betri, kadi, mafuta ya jenereta, waya wa ziada.
5. Nini kinakuja ndani ya saa 2 zijazo, na nani ameahidiwa nini.

Anayepokea arudie kwa maneno yake mwenyewe, kisha aende akaguse kila kilichotajwa. Akimaliza aseme wazi, "Nimepokea," na saa iandikwe. Kabla ya neno hilo, mwenye zamu bado ni yule wa kwanza, hata kama ameshavaa begi.

Pamoja na hayo, kila kitu kilichozimwa kwa makusudi kibandikwe mkanda wenye maneno matatu: nini, nani, saa ngapi. "USIWASHE" peke yake haitoshi, kwa kuwa baada ya saa 5 hakuna atakayejua kama bado ni kweli.

Kwenye redio na intakomu kuna adabu gani?

Bonyeza, subiri sekunde moja, ndipo useme. Usipofanya hivyo neno la kwanza linakatika, na mara nyingi neno hilo ni jina la unayemwita. Taja unayemwita kwanza, kisha jina lako: "Jukwaa, hapa sauti." Subiri akuitikie. Sema kwa sentensi moja. Taarifa za namba zirudiwe na aliyezipokea.

Neno mnalolitumia kuamuru jambo litendeke, liwe "nenda" au lingine mlilokubaliana, lisitamkwe kwenye intakomu kwa maana nyingine yoyote. Mtu wa taa aliyechoka, kidole kiko juu ya kitufe, atakibonyeza akisikia "nenda kamuulize". Amri kamili ina sehemu mbili: ya kujiandaa, "Taa ya 42, tayari," na mwitikio wake, kisha ya kutenda.

Jeraha, mtoto aliyepotea na moto viwe na maneno ya siri au chaneli ya peke yake. Redio nyingi zinasikika na hadhira iliyosimama karibu.

Betri za maiki zisizo na waya: ngapi, na nibadilishe lini?

Piga hesabu kabla ya kununua. Maiki 8, kila moja betri 2, zikibadilishwa mara 2 kwa siku, kwa siku 4, ni betri 128. Ongeza za akiba, nunua 150. Vipitishi (vifaa vinavyorusha sauti ya maiki hizo) vingi vinavyotumia betri 2 ndogo hukaa saa 6 hadi 8 zikiwa mpya. Usingojee taa nyekundu. Badilisha kwa ratiba, kabla ya kila kipindi kikubwa, hata kama kipimo kinaonyesha bado kuna nusu. Betri zilizotolewa zikiwa na nusu zitumike kwenye tochi.

Za kuchaji zinafaa na zinaokoa fedha nyingi, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5. Ndani ya mpangilio wa kipitishi kuna sehemu ya kuchagua aina ya betri. Usipoibadilisha kipimo kitakudanganya, na betri ya kuchaji ikifika mwisho huanguka ghafla. Usichanganye mpya na iliyotumika kwenye kifaa kimoja.

Desturi moja inayozuia maafa mengi: kila betri inayotoka kwenye chaja ifunikwe kipande cha mkanda juu ya ncha zake. Yenye mkanda imejaa. Isiyo na mkanda imetumika, haijalishi nani anasema nini. Ukiikuta gizani unaitambua kwa kidole gumba.

Kwa betri kubwa za kamera, gawa uwezo wake kwa matumizi: betri ya wati-saa 98 ikiendesha kamera na kioo vinavyokula wati 35 itakaa chini kidogo ya saa 3. Hiyo ni ikiwa mpya. Ya miaka mitatu ipe saa 2.

Kadi za kumbukumbu na intaneti ya kurushia?

Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inakula gigabaiti 22.5 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 128 kwa hiyo ni saa 5 na nusu hivi. Panga kwa 5. Kamera 3 kwa saa 12 ni gigabaiti 810 kwa siku, na lazima nakala ziwe mbili, kwenye diski mbili tofauti zinazolala sehemu mbili tofauti. Kadi isifutwe mpaka nakala ya pili imefunguliwa na kuchezwa mwanzo, katikati na mwisho. Mtu mmoja kwa kila zamu ndiye mwenye ruhusa ya kufuta. Wawili wakiwa na ruhusa, siku moja kila mmoja atadhani mwenzake amenakili.

Kurusha kwa megabiti 6 kwa sekunde kunahitaji laini ya kupakia isiyopungua 12 ikiwa imetulia, na hutumia takribani gigabaiti 32 kwa saa 12. Kosa kubwa ni kupima mtandao wa simu asubuhi uwanja ukiwa mtupu. Watu elfu kumi wakiingia na simu zao, laini hiyo inakufa. Pata laini ya waya, na ya simu ibaki kuwa akiba kutoka kampuni mbili tofauti.

Umeme hukatika kwa sababu gani hasa?

Kuzidisha mzigo, na waya uliobaki kwenye rili. Soketi ya ampia 16 kwa volti 230 inatoa wati 3,680; usipite asilimia 80 ya hapo kwa kazi ya mfululizo, yaani wati 2,900 hivi. Birika la umeme linalochomekwa na mtu wa kujitolea nyuma ya jukwaa linakula 2,000 au zaidi, na ndilo adui wa kawaida kuliko mvua. Andika kwenye kila soketi ni ya nani.

Waya wa rili utolewe wote, hata kama unahitaji mita 5 tu. Ukibaki umezungushwa, joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka ndani ambako huoni.

Jenereta ichaguliwe ili mzigo wa kawaida uwe asilimia 70 hadi 80 ya uwezo wake. Ya dizeli ikiendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 huchafuka ndani kwa mafuta yasiyoungua, kwa hiyo kubwa mno pia ni tatizo. Ya petroli izimwe na ipoe kabla ya kujazwa, na kamwe isikae ndani ya hema: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Ratiba ya kujaza mafuta iandikwe kwenye ratiba ya onyesho lenyewe, kwenye nafasi kati ya msanii na msanii.

Masikio yangu yanavumilia kiasi gani?

Kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unapungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15. Mbele ya jukwaa kubwa 100 ni jambo la kawaida. Maana yake ni kwamba mtu wa ulinzi anayesimama mbele ya spika amemaliza kipimo cha siku nzima kabla wimbo wa nne haujaisha.

Vaa viziba masikio tangu mwanzo. Vya povu huvivuringa viwe vyembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unaingiza, kisha unashikilia kwa sekunde 20 mpaka vitanuke. Vikiwa nusu nje havikusaidii. Ukisikia mlio masikioni baada ya kazi, umeshazidisha, na kesho panga mtu mwingine mahali hapo.

Nanywa maji kiasi gani kwenye joto?

Mililita 250 kila dakika 15 hadi 20 unapofanya kazi nzito kwenye joto, bila kungoja kiu. Usipite lita 1.5 kwa saa. Maji mengi mno bila chumvi yanapunguza sodiamu mwilini, nayo ni hatari ya peke yake. Ukitokwa jasho kwa saa nyingi, ongeza chakula chenye chumvi au maji ya chumvi na sukari. Mkojo wa njano iliyokolea unakuambia umechelewa. Mwenzako akiacha kutoa jasho, akianza kuchanganya maneno au kuyumba, huo ni wito wa huduma ya kwanza sasa hivi: mweke kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee.

Radi na upepo?

Kati ya mmweko wa radi na ngurumo zikipita sekunde chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Wote washuke kwenye vyuma, na kazi isirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo nyingine ikisikika, hesabu inaanza upya. Kwa upepo, mhandisi wa jukwaa ameandika kasi ambayo mapazia yateremshwe na kasi ambayo watu waondolewe. Namba hizo zibandikwe mahali msimamizi wa zamu anaziona, pamoja na kipima upepo kilicho juu ya paa, si mkononi mwa mtu aliyesimama chini.

Kitu kikiharibika katikati ya onyesho nifanye nini kwanza?

Badilisha, usitengeneze. Maiki ikikatika, mpe msanii ya akiba iliyokwisha kuwashwa na kujaribiwa. Uchunguzi utafanyika nje ya jukwaa. Mtu mmoja tu ndiye anayetaja tatizo kwenye intakomu, wengine wananyamaza. Kama hakuna akiba, anza na ncha za waya kabla ya mitambo: plagi, swichi ya kimya, betri. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Kwenye tamasha la hisani la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, tukio la takribani saa 16 kati ya London na Philadelphia, maiki ya mwanamuziki Paul McCartney ilikaa kimya kwa karibu dakika mbili za mwanzo za wimbo wake, mwisho wa siku pale Wembley, mbele ya watazamaji wa dunia nzima. Kipindi cha mwisho ndicho chenye macho mengi zaidi, na ndicho kinachohudumiwa na watu waliochoka zaidi. Kwa hiyo ukaguzi wa kipindi cha mwisho uwe mrefu kuliko wa kwanza, na ufanywe na watu wawili: mmoja anasema na kugonga maiki, mwingine anasikiliza upande wa hadhira.

Mwenzangu anaonekana amechoka lakini anasema yuko sawa.

Usimuulize kama yuko sawa. Muulize ameamka saa ngapi na amelala saa ngapi, kisha piga hesabu. Dalili za kutazama: anauliza jambo alilojibiwa sasa hivi, anakodolea kitufe, anakuwa mkali bila sababu, anaacha kuitikia redio mara ya kwanza. Anayekana uchovu hadanganyi. Aliyechoka hupoteza kwanza uwezo wa kujipima. Msimamizi ampangie kazi ya chini na nyepesi au ampeleke alale dakika 20, bila kumwaibisha mbele ya wengine. Mkimwaibisha mmoja, waliobaki watajificha.

Onyesho limeisha. Kubomoa kunaanza saa ngapi?

Baada ya hadhira kutoka, umeme wa jukwaa kuzimwa na kuthibitishwa, na mkutano mfupi wa dakika 10 kufanyika ukiwa na watu walioamka, yaani kikosi kipya. Waliokesha na onyesho wasiwe juu ya paa wakifungua nati saa tisa usiku. Hii ndiyo sehemu inayobanwa bajeti zaidi, na hatukubaliani na kubanwa huko hata kidogo.

Waya zikunjwe kwa mzunguko mmoja wa juu na mmoja wa chini kwa zamu, zisizungushwe kwenye kiwiko. Zikizungushwa kiwikoni nyuzi za ndani zinajipinda na kukatika baada ya miezi michache. Waya uliosumbua ufungwe fundo kwenye ncha ya kike (yenye matundu), ubandikwe mkanda mwekundu wenye maelezo, na uwekwe kreti ya peke yake. Ukirudishwa pamoja na waya nzima utakuwa shida ya mtu mwingine kwenye tamasha lijalo.

Na anayerudi nyumbani kwa kuendesha gari alale kwanza, walau dakika 90, au aendeshwe. Waandaaji waweke chumba chenye giza na magodoro wazi hadi mchana wa siku inayofuata, na funguo za magari zikabidhiwe mlangoni pamoja na saa ya kuamshwa.